Kishor Anatafuta Ugomvi

Kishor alirudi kutoka India akiwa na pampu kifuani, waya tumboni, betri mbili kwapani na hamu kubwa ya kugombana na jirani yake. Hivyo vitatu vya kwanza madaktari walivishughulikia vizuri, hawana lawama. Hicho cha nne ndicho kilichomtesa.

Tuanze na pampu, maana Kariakoo nzima iliizungumzia na kila mtu aliongeza chumvi yake. Wapo waliosema Kishor amewekewa moyo wa plastiki. Wapo waliosema wa nguruwe, na hao wakaacha kunywa chai dukani kwake. Ukweli ulikuwa mdogo kuliko hapo. Moyo wake mwenyewe ulikuwa palepale alipozaliwa nao, ila ulikuwa umechoka na kulegea, hauna tena nguvu ya kusukuma damu, mpaka ikawa akipanda ngazi za kwenda kwenye fleti yake pale Mchafukoge anapumzika kila ghorofa na kujifanya anasalimia majirani. Huko India wakamfungua kifua, wakamshonea pampu ndogo ya kuenea kiganjani iusaidie moyo kazi. Kwenye pampu unatoka waya, unachomoza kwenye ngozi ya tumbo, unaingia kwenye kisanduku kinachoning'inia mkandani, na kisanduku kinakula betri mbili anazozivaa kwa mikanda ya mabegani, moja kila upande. Usiku anachomekwa ukutani kama friji. Betri zikiisha, pampu inasimama. Pampu ikisimama, hakuna haja ya kuendelea na maelezo.

Sasa huyo jirani. Anaitwa Hamud, anauza mabegi: ya safari, ya shule, ya mgongoni, ya kutundika bega moja. Kishor anauza vifaa vya cherehani: sindano, bobini, mikanda, zipu na vifungo vya kila rangi. Babu yake Hamud alitoka Oman, babu yake Kishor alitoka Gujarat, na wajukuu wao wakaja kugawana baraza moja la saruji Kariakoo. Katikati ya baraza upo mstari wa rangi nyekundu, na kwa miaka thelathini kila asubuhi mabegi ya Hamud yalikuwa yanauvuka.

"Hamud, begi lako limekanyaga nchi yangu," Kishor angesema, amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Nchi yako? Ulipigania uhuru wewe? Wewe ulikuwa unapigania vifungo."

"Bora vifungo. Wewe mabegi yako yanafunguka kabla msafiri hajafika Chalinze."

"Yanafunguka kwa sababu zipu nilinunua kwako."

Basi hapo ndipo siku inapoanza. Walikuwepo watu wanakuja kununua sindano moja tu ili wasikilize. Hamud ni shabiki wa Simba, Kishor wa Yanga, kwa hiyo hata siku mabegi yalipokaa mahali pake hawakukosa la kusema. Hakuna aliyewahi kuwaona wamekasirikiana kweli, na hakuna aliyewahi kuwaona wamekaa kimya.

Kishor alipokuwa amelala hospitali huko ugenini, na mrija umepita hapa na mwingine pale, hakuwaza dunia wala akhera. Aliwaza lile baraza. Alitunga matusi ya heshima, akayapanga, akayahifadhi, akasubiri kurudi.

Aliporudi akakuta Rekha, mkewe, ameshamtangulia kwa majirani. Rekha alifundisha hesabu sekondari kwa muda mrefu, na hajawahi kukubali kwamba alistaafu. Aliwaita majirani wa dukani sebuleni kwake, akawapa chai na chevda ya kutafuna, akawaambia: "Huyu mtu asiudhiwe. Asibishiwe. Moyo wake sasa ni mashine, na mashine haitaki vurugu." Kila mtu akaitikia kama darasani.

Kishor alijaribu kujitetea. "Daktari alisema pampu ina mwendo mmoja tu. Nikifurahi inazunguka vilevile, nikikasirika inazunguka vilevile. Mimi ndiye mtu pekee Dar ambaye Yanga ikifungwa hatikisiki hata kidogo."

"Daktari alisema usichoke," akasema Rekha. "Na wewe ukianza kugombana huwa hujui kumaliza."

Hata hivyo Hamud angeweza kuvunja hiyo amri, maana hakuwahi kumtii mwalimu yeyote. Kilichommaliza Hamud ni presha ya bure.

Watu wa afya waliweka hema pembeni ya mtaa, wanapima watu presha na sukari bila malipo. Hamud anapenda kitu cha bure kuliko halua, akamvuta Kishor wakapange foleni. Nesi mmoja, Rachel, binti mchangamfu, akamfunga Kishor ule mkanda mkononi. Mashine ikabana, ikapumua, ikaandika kwamba imeshindwa. Akabadilisha mkono. Ikashindwa. Akaleta mashine nyingine, nayo ikashindwa. Rachel akaamua kurudi kwenye ujuzi wa zamani: akashika kifundo cha mkono, akatafuta mapigo. Akatafuta kifundo cha pili. Akatafuta shingoni. Uchangamfu ukawa unampungua kidogo kidogo.

"Mzee, unajisikiaje?"

"Njaa kidogo."

Rachel akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akamuuliza kwa sauti ya chini kama amekuja na ndugu. Hamud akajitokeza. Rachel akamvuta pembeni, ila hema lenyewe lilikuwa dogo, kila mtu akasikia: "Baba, huyu mzee wako hana mapigo ya moyo kabisa."

Kishor alicheka mpaka akashika ubavu. Akamweleza nesi kuhusu pampu: haidundi, inazunguka tu, inasukuma damu mfululizo kama bomba la maji lililofunguliwa, kwa hiyo hakuna cha kupiga pale kifundoni. Rachel akapumua. Foleni yote ikacheka. Hamud hakucheka. Aliushika mkono wa rafiki yake, akabonyeza kidole hapa na pale, akakuta kimya, na uso wake ukabadilika. Kishor aliuona uso ule, akaufanyia mzaha, na mzaha haukujibiwa.

Kuanzia siku ile Hamud akawa mtu mwema, na hakuna balaa kubwa kama hilo. Mabegi yalirudi nyuma ya mstari, tena mbali, kama yanaogopa moto. Alianza kumwita "bwana Kishor", neno ambalo kwa miaka thelathini halikuwahi kutoka mdomoni mwake. Alimletea juisi ya ukwaju. Siku Yanga iliposhinda, Kishor alivaa skafu ya njano na kijani, akasimama katikati ya baraza akisubiri, na Hamud, Simba damu, akasema, "Kwa kweli mlistahili, bwana Kishor. Mlicheza vizuri." Kishor akaingia ndani akakaa kwenye kiti chake karibu na masanduku ya zipu. Alitamani kulia.

Wateja nao wakaambukizwa. Mafundi waliokuwa wanamwita mnyonyaji wakawa wanalipa bei ya kwanza na kumtakia afya njema. Akapandisha bei ya zipu kwa makusudi, kwa kiwango cha aibu. Wakalipa. Jioni akafunga duka mapema kwa huzuni.

Ukweli ni kwamba alikuwa anajiona kama marehemu anayesifiwa. Amelala mezani siku nzima, amefunguliwa na kushonwa, amejifunza upya kutembea, yote hayo ili arudi kwa watu. Na sasa watu wanampita kwa kunyata kama wanapita chumba cha maiti. Akaamua liwalo na liwe, atamrudisha Hamud hata kwa nguvu. Atamfanyia jambo ambalo hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo anayeweza kulimeza.

Usiku wa kuamkia siku aliyoichagua, umeme ulikatika. Rekha alimhamisha kutoka ukutani kwenda kwenye betri, akalala akikusudia kumbadilishia asubuhi. Lakini asubuhi Kishor aliamka kabla yake, akavaa kimyakimya, akatwaa begi dogo jeusi analobebea betri za akiba, akashuka ngazi bila kumsalimia jirani hata mmoja. Hakukumbuka kabisa kwamba betri alizovaa zilikuwa zimefanya kazi usiku kucha.

Lile begi la akiba alilinunua kwa Hamud, na Rekha alilitia kufuli dogo kwa ajili ya vibaka. Kokote aendako Kishor, begi linaenda. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya watu wenye pampu.

Alikuta Hamud ameshapanga bidhaa nje na kwenda kona kunywa kahawa. Dukani alikuwepo Dalia, mke wa mwanawe Hamud, mgeni katika biashara lakini mwenye kipaji: anaweza kumuuzia begi la safari mtu aliyetoka kununua vocha.

"Shikamoo mzee Kishor."

"Marahaba, mwanangu. Wewe endelea na kazi zako, usiniangalie."

Dalia akaingia ndani kupanga mabegi ya shule. Kishor akaanza kuyaburuta ya nje. Akayavusha mstari, moja baada ya jingine, akayarundika mpaka mlangoni kwake mwenyewe, duka lisiingilike. Begi lake la akiba lilikuwa linamletea usumbufu begani, likamgonga betri, akalitua chini. Akapanga la bluu juu ya jekundu. Akasogea pembeni kuitazama kazi yake, akaridhika, akatoka hadi ukingoni mwa barabara kumsubiri adui.

Hamud akaja anatembea polepole, kahawa imemkaa vizuri. Kishor akajaza kifua.

"Hamud! Wewe mtu una adabu? Mabegi yako yameziba duka langu! Mimi nipite wapi, nipite juu ya paa kama paka?"

Hamud akasimama. Akayatazama mabegi. Midomo ikamcheza, na Kishor akaona kabisa neno moja la zamani linapanda kooni kwa Hamud. Akalingoja kwa shauku.

"Samahani sana, bwana Kishor," akasema Hamud. "Ni kosa langu. Ngoja niyatoe."

Akainama, mzee wa watu, akaanza kuyabeba mabegi ambayo hakuyaweka. Kishor akakosa pa kuangalia. Akapenya kwenye nafasi iliyobaki, akaingia dukani, akakaa.

Hapo ndipo kisanduku cha mkandani kilipolia. Sauti yake si kubwa, ila haina utani. Taa ya njano ikawaka: betri zinakaribia kwisha. Kishor hakushtuka sana, akanyoosha mkono kuchukua begi la akiba. Mkono ukashika hewa. Akatazama chini ya kiti, nyuma ya kaunta, kisha akakumbuka, akatoka nje mbio kadiri anavyoweza.

"Dalia, mwanangu. Kulikuwa na begi dogo jeusi hapa."

"Lile zito? Nimeshauza, mzee, ulipokuwa umesimama kule barabarani," akasema Dalia kwa fahari. "Mama mmoja aliyejifunga kitenge cha njano. Alisema mbona zito, nikamwambia uzito ndio uimara. Akauliza mbona lina kufuli, nikamwambia kufuli ni zawadi ya duka, funguo atazipitia jioni."

Hamud alikuwa amekumbatia begi la safari. Likamponyoka. Kisanduku kikalia tena.

"Kaa hapa," akamwambia Kishor. "Kaa, usisogee, mimi namfuata."

"Nikae ningoje kuzimika kama taa? Twende."

Wakaingia sokoni wazee wawili, mmoja analia mkandani, mwingine anawauliza wauza mitumba, wauza vyombo na wauza chaja kama wameona kitenge cha njano. Kariakoo kila mtu wa tatu amevaa kitenge cha njano. Wakamsimamisha bibi asiyehusika. Wakakosea tena kwa mwingine. Kishor akaanza kuishiwa pumzi, na safari hii halikuwa jambo la kusalimia majirani. Mwisho hawakumwona huyo mama, walimsikia. Alikuwa kwenye kibanda cha mshindani wa Kishor, anapunguziwa bei ya uzi, na sauti yake ilipita juu ya sauti za wote. Anaitwa Jacqueline, fundi wa nguo wa Magomeni, na huwa hatoki dukani mpaka mwenye duka aombe msamaha. Hakumjua Kishor wala pampu yake. Begi lilikuwa begani kwake.

"Mama, habari za saa hizi," akasema Kishor akihema. "Hilo begi ni langu. Limeuzwa kwa makosa. Nakurudishia hela yako."

Jacqueline akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Lako? Mimi nimelipa hapo nyuma, mchana kweupe. Biashara imeisha, mzee."

"Nakurudishia yote."

"Yote ndiyo nini? Na nauli? Na muda wangu? Na kufuli la zawadi je? Nipe mara mbili."

Kishor alifungua mdomo kusema kwamba ni mgonjwa. Neno likafika kwenye ulimi, akalirudisha. Ilikuwa imepita miezi tangu binadamu yeyote amwambie bei isiyo na huruma. Damu yake, ambayo haipigi, akaisikia imechangamka.

"Mara mbili?" akasema. "Begi lenyewe hata si la ngozi. Tazama mshono huo, mama, wewe ni fundi, huoni aibu? Nakuongezea nauli, basi."

"Nauli na chakula cha mchana."

"Chai."

"Chai na chapati mbili. Na hiyo simu yako inalia, pokea."

"Si simu. Ni moyo."

"Hata mimi moyo unaniuma, mzee wangu, maisha magumu. Bei ni ileile."

Hamud alikuwa ameshatoa pochi nzima, anamsukumia Jacqueline. Kishor akamzuia mkono. "Usimharibie soko, wewe. Tunaelewana. Mama, chapati moja."

Kisanduku kikabadilisha mlio. Taa ya njano ikazimika, ikawaka nyekundu.

Na Hamud akapasuka.

"Kishor! Mwendawazimu wewe! Mpumbavu uliyekubuhu! Mtu anakufa hapa, anapunguza bei ya chapati! Ulikuwa bahili tangu tuko vijana, ulikuja harusini kwangu na zawadi ya vifungo, vifungo, Kishor, tena rangi mbili tofauti! Mama, lete begi! Huyu mtu moyo wake unaendeshwa na betri, na betri zake umezining'iniza begani!"

Jacqueline akalitupa begi kama limemuunguza. Kishor akatoa ufunguo shingoni, lakini vidole vilikuwa vimeanza kulegea, na macho yanaona giza pembeni. Hamud akampokonya. Akafungua kufuli, akatoa betri, akapiga magoti chini kwenye maganda ya vitunguu. Kishor akataka kumwelekeza, akakuta hakuna la kuelekeza. Hamud alichomoa betri ya upande mmoja tu, akapachika mpya, akasubiri taa, ndipo akagusa ya pili. Maana ukizichomoa zote mbili kwa pamoja umemuua mtu. Hakukosea hata hatua moja. Mlio ukakatika.

"Nani alikufundisha?" Kishor akauliza.

"Mkeo! Kila Jumapili tangu siku ya yule nesi, ananifundisha na kunipigia kelele kama mtoto wa darasa la tatu!" Hamud alikuwa bado yuko magotini, machozi yanamtoka, na hakufanya juhudi ya kuyaficha. "Nilikushika mkono, Kishor, nikakuta hamna mtu. Hamna mtu! Tangu siku ile naogopa hata kukohoa mbele yako. Na wewe asubuhi unakuja kunirundikia mabegi, unafikiri sikuona mikwaruzo ya kuburuta? Punda wewe! Wewe ukifa mimi nitagombana na nani pale, na Dalia? Dalia ananiheshimu!"

Watu walikuwa wamejaa. Jacqueline, uso umemshuka, akamshika Hamud begani. "Baba, basi. Mwonee huruma mwenzio, ni mgonjwa."

"Ndiyo, mzee, muache," akadakia muuza uzi. "Si vizuri kumfokea mtu wa hali hiyo."

Mmoja akaleta kigoda, Kishor akakalishwa. Pumzi ilikuwa inamrudia, na giza la pembeni limeondoka. Akainua mkono kuwanyamazisha wote, wasije wakamharibia.

"Nyie tulieni," akasema. "Muacheni. Hajamaliza."